Mabehewa ya Javan Okeyo Yaliyodhaniwa Kuwa Majeneza

Wachungaji, wazee wa mtaa, wenzake wa reli, majirani wa mtaa huu wa Pioneer na nyote mlioketi chini ya hema hizi, familia inawaomba utulivu ili yasomwe maisha ya Javan Okeyo Obiero, kabla gari halijaondoka leo Ijumaa, tarehe 24 Januari 2025, kumpeleka Koru, atakakozikwa kesho. Anayesoma ni mdogo wake, Okello, na kwa kuwa karatasi ya namna hii humtaja kila mtu kwa jina lake, Okello naye atatajwa humu kama mtu mwingine yeyote, kwa mema na kwa mabaya, na mabaya yake yapo. Familia imetaka isomwe hapa Pioneer bila kufupishwa, kwa sababu jina la Javan lilichafuliwa hapa, na huko Koru hawana habari.

Javan alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Muhoroni, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Obiero, mpakiaji mizigo wa stesheni, na marehemu Mama Dorsila, na Okello akamfuata mwaka wa 1960. Wako wanaonong'ona tangu Jumatatu kwamba katikati yao palikuwa na mtoto mwingine aliyefichwa, na familia inawajibu kwamba hakuwepo.

Alisoma shule ya msingi hapo Muhoroni kuanzia mwaka wa 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka wa 1974, akafanya vizuri katika hesabu na uchoraji, Kiingereza kikamshinda. Mwaka wa 1976 aliajiriwa na reli, akapelekwa Nairobi kwa mafunzo, na tarehe 3 Julai 1978 akaletwa hapa Eldoret kuwa mkaguzi wa mabehewa. Wadogo hawaijui kazi hiyo, kwa hiyo itaelezwa. Treni ya mizigo ikisimama, Javan alitembea kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kusikiliza, maana gurudumu zima hulia na lenye ufa hutoa sauti butu, na behewa lenye gurudumu la namna hiyo halikuondoka. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa, akastaafu tarehe 30 Juni 2007, kisha akawa fundi wa mageti na madirisha ya vyuma, na nusu yenu hapa mmelala salama nyuma ya mageti yake.

Okello alimfuata Eldoret mwaka wa 1981, akapata kazi ya ulinzi katika kiwanda cha nguo, ambako kwa miaka thelathini na minne alisimama getini akipekua mifuko ya watu wanaotoka kazini. Kazi hiyo humfundisha mtu kwamba kila aliyebeba mfuko ameiba mpaka mfuko ufunguliwe, na alipostaafu hakuacha mafunzo hayo kiwandani, alirudi nayo nyumbani.

Tarehe 17 Desemba 1983 Javan alifunga ndoa kanisani na Seline, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele, na wakajaliwa mabinti wawili, Marion, ambaye ni mwalimu, na Lorraine, ambaye ni mhandisi jijini Nairobi. Familia inajua kwamba siku hizi kwenye matanga watu hukaa wakichungulia barabara kuona kama atatokea mama mwingine na watoto wake. Okello amesimama getini akichungulia tangu Jumapili, hajatokea mtu, na mnaweza kuacha kugeuza shingo.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmekuja kulisikia. Desemba ya mwaka wa 2020, Lorraine alimletea baba yake mashine ndogo, kimo chake kama birika la umeme la kanisani, ya kuchapisha vitu kwa rezini, na rezini ni maji mazito ya kijivu yanayofanana na uji wa wimbi uliopoa. Mashine hiyo hupiga mwanga wa zambarau kutoka chini, mwanga ukayagandisha maji hayo tabaka moja baada ya jingine, kila tabaka jembamba kuliko unywele, na kitu kinachotengenezwa huinuka polepole kikiwa kimening'inia kichwa chini. Javan alijifunza kuchora kwa kompyuta akiwa na miaka sitini na mitatu, Lorraine akimwelekeza kwa simu, na mabehewa yake ya kwanza yalitoka yamepinda kama ndizi, kwa sababu aliyalaza bapa badala ya kuyainamisha. Alirudia na kurudia, akapatia, akaanza kutengeneza yale mabehewa aliyoyagonga stesheni, kila moja likiwa na urefu wa kiganja, na namba yake ubavuni, iliyoandikwa kwa brashi ya nyuzi tatu na miwani miwili puani.

Kila kitu katika kazi hiyo kilimfanya aonekane mtu mbaya. Mwanga wa jua huharibu rezini, kwa hiyo alifunika dirisha kwa pazia jeusi. Rezini huwasha ngozi, kwa hiyo alivaa glavu za hospitali na kuziba pua. Kitu kikitoka kwenye mashine lazima kioshwe kwa spiriti, kwa hiyo alileta spiriti kwa madumu, na harufu yake ikavuka ua hadi kwa jirani. Mtaani kwanza walisema anapika chang'aa, wakangoja wanywaji, wanywaji hawakuja, wakasema basi ni noti bandia.

Alhamisi, tarehe 10 Februari 2022, alasiri, jirani yetu Namalwa, ambaye yuko hapa na amekubali kutajwa, alikwenda kuomba ngazi, akaona pazia limeachia upande mmoja, akachungulia. Alikimbia mpaka kwa Okello, akamwambia, "Mzee Okello, ni majeneza. Madogo, ya rangi ya majivu, yamening'inia kichwa chini kama popo. Nimehesabu tisa." Namalwa hakusema uongo. Javan alikuwa na desturi ya kuchapisha sanduku la behewa peke yake, magurudumu akiyaacha kwa siku nyingine, na behewa la mizigo lisilo na magurudumu, lenye paa la mviringo na mlango uliofungwa, ni jeneza kwa mtu yeyote asiyewahi kufanya kazi stesheni. Bahati mbaya ni kwamba Mzee Murunga wa nyumba ya tatu alikuwa amefariki Jumatatu ya wiki hiyohiyo, na watu wakaunganisha.

Nyumba ya Okello iko mkabala na ya Javan, hatua arobaini kwa mtu asiye na haraka, na angeweza kuvuka akamwuliza ndugu yake ni nini hiki. Hakuvuka. Alinunua daftari, akawa anaandika saa ambazo mwanga wa zambarau unawaka na saa unazozima, na siku za taka alilipekua pipa la ndugu yake kabla gari halijapita, akapata glavu zilizopinduliwa, karatasi za msalani zenye uchafu wa kijivu, na vijiti vidogo vilivyokatwa, vingi, ambavyo alivitazama mezani kwake akaviona kama vidole vya watoto wachanga. Vilikuwa vijiti ambavyo mashine huvijenga kuishikilia kazi isianguke, na mtengenezaji huvikata akavitupa. Okello alivitia kwenye mfuko wa plastiki, akaupeleka kwanza kwa mzee wa kanisa, kisha kwa naibu wa chifu, akasema aliyoyaona, akaongeza na asiyoyaona.

Jumamosi, tarehe 5 Machi 2022, saa tano asubuhi, askari wawili, naibu wa chifu na wazee watatu wa kanisa waliingia kwa Javan, na Okello aliingia nyuma yao akijifanya ameona umati akaja kumsaidia ndugu yake. Javan hakubishana. Aliwapa kila mmoja glavu, akawaambia, "Vaeni hizi kwanza, hii dawa inachoma mkono," kisha akatoa behewa moja baada ya jingine, akayapachika magurudumu mbele yao. Mzee mmoja akamwuliza, "Sasa Mzee Okeyo, mtu wa umri wako unachezea treni kweli?" Javan akamjibu, "Hili nililigonga miaka kumi na nane. Lilikatwa vipande, likauzwa chuma. Mimi nikienda, nani atajua mlango wake ulikuwa unafungukia upande gani?" Askari mmoja aliomba kulishika, akalisukuma kwa kidole juu ya meza, akacheka, wakaondoka bila kuandika kosa lolote.

Shuku haikuondoka nao, ilibadilisha nguo tu. Ikasemwa kwamba yale ya kuonyesha yalikuwa mabehewa na yale ya kweli aliyaficha. Kanisani Javan, aliyekuwa akiongoza maombi ya nyumba kwa nyumba, aliambiwa apumzike kidogo, na hayo mapumziko hayakupewa tarehe ya mwisho. Watoto walikatazwa kupokea peremende zake, na Seline, ambaye chapati zake mlikuwa mkizisifu, aliipikia sherehe ya kumaliza mwaka, sufuria zikarudi nyumbani zimejaa. Seline alilia siku hiyo, Okello alimwona, akamwambia watu watazoea. Yeye aliyejua uvumi ulianzia wapi alikula chapati nne jikoni kwa Seline, na aliendelea kwenda kunywa chai pale kila Jumapili.

Mwezi wa Agosti 2024 Javan alianza kulalamikia tumbo, akapungua mwili, na tarehe 2 Septemba akapimwa akakutwa na saratani ya kongosho. Kwa wale waliosema rezini imemla, na kwa wale waliosema jambo baya zaidi, kwamba majeneza yamemgeukia mwenyewe, Okello alimwuliza daktari mara tatu, siku tatu tofauti, akimtega kuona kama atajichanganya, na mara zote tatu daktari alimjibu kwamba hakuona sababu yoyote ya kuuhusisha ugonjwa huo na kazi ya Javan. Aliuguzwa hospitalini na nyumbani kwa miezi minne na nusu, akafariki Ijumaa, tarehe 17 Januari 2025, saa nne asubuhi, Seline na Marion wakiwa kando yake.

Jumanne wiki hii Seline alimkabidhi Okello ufunguo wa kile chumba, akamwambia ndiye atakayesoma historia. Okello akashuku mara moja, kwa nini yeye na si Marion, ambaye kusoma ndiyo kazi yake, na badala ya kukaa aandike, aliingia chumbani akapekua siku mbili nzima, akagonga kuta, akainua zulia, akamwaga masanduku. Alikuta mabehewa arobaini na matatu, kila moja limefungwa kwa karatasi laini, na kijitabu kinachoeleza kila namba, ilibeba nini na ilionekana wapi mara ya mwisho. Alikuta madumu ya spiriti, na ndani yake spiriti. Katika droo ya chini, chini ya glavu, alikuta ule mfuko wa plastiki wenye vijiti, na juu yake karatasi imebanwa kwa pini, mwandiko wa karani wa ofisi ya chifu, tarehe 28 Februari 2022: umeletwa na Okello Obiero, ndugu wa mshukiwa. Askari waliurudisha kwa mwenye taka siku ileile walipomaliza ukaguzi, Okello asijue.

Kwa hiyo Javan alijua. Kwa miaka karibu mitatu alimmiminia Okello chai kila Jumapili akijua, akamuuliza habari za magoti yake, akamtengenezea kitasa cha mlango. Okello alitoka na mfuko huo mkononi, akamwuliza Seline kama naye alijua, na Seline akamjibu bila kuinua sauti, "Tulijua siku hiyohiyo, shemeji. Nilitaka nikufukuze hapa, akanikataza. Wakati alizidiwa, akasema wewe ndiye usome. Alisema ati wote hapa Pioneer wanajua vile wewe hushuku watu, kwa hiyo ukisema hakuna kitu, wataamini."

Okello alikaa kwenye kiti cha ndugu yake hadi chai aliyoletewa ikapoa, na aibu aliyoisikia hapo haijatoka mpaka sasa anaposoma. Anasema hivi, mbele ya wachungaji na mbele ya mwili huu. Amekipekua chumba chote, na hakuna kitu. Aliyepeleka mashtaka ni yeye, hakutumwa na mtu, na Namalwa aliogopa tu kama ambavyo mtu yeyote angeogopa. Mlango wa chumba hicho uko wazi tangu asubuhi, na anayetaka kuingia aingie kabla gari halijaondoka, aguse, ahesabu, asije akasema kesho kwamba alizuiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wenzake wa reli waliokuja kukaa naye na kubishana juu ya namba za mabehewa hata alipokuwa hawezi kuinua kichwa, Lorraine na Marion kwa kumtunza baba yao, kanisa kwa hema na viti, na majirani waliolala hapa usiku wote wa wiki hii, wakiwemo wale waliokuja kwanza kuangalia kisha wakabaki kwa huruma. Chakula kimepikwa na Seline. Familia inaomba kiliwe.

Okello hakumwomba ndugu yake msamaha akiwa hai, ingawa alipewa Jumapili zaidi ya mia moja za kufanya hivyo, anamwomba sasa, akijua kwamba aliyelala hapa hawezi kumjibu. Javan Okeyo, mwana wa Obiero, hukuficha kitu, na anayeyasema haya ni yule aliyekushtaki. Nenda ulale, ndugu yangu, pumzika kwa amani.