Jina Litakalosomwa Jumamosi

Izimeni hiyo televisheni, na simu zenu ziwekeni juu ya friji, kwa kuwa nitakayoyasema leo sitaweza kuyarudia. Mama yenu na akae hapa karibu na mto, Abdulbasit simama pale mlangoni nikuone, Tasnim nishikie kikombe cha maji, na wewe Nawal kaa hapa kitandani. Nishakusikia, Tasnim, "Baba, you need to rest." Nitapumzika sana huko niendako. Daktari wa figo alisema juzi kwamba moyo wangu hauiwezi tena ile mashine ya kusafisha damu, na mtu asiyesafishwa damu siku zake ni chache, tena hizo chache usingizi unamla nusu. Leo ni Jumatatu. Harusi ya Nawal ni Jumamosi. Ndiyo maana nimekuiteni mapema.

Mimi Shamte bin Haji, mzaliwa wa Kikwajuni, Unguja, mkazi wa Mesquite hapa Texas, natoa wosia wangu nikiwa na akili zangu timamu, na nashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad ni mtume wake. Mnaniangalia kana kwamba mnangoja nilie. Na mimi nangoja, wanangu, lakini hakiji kitu. Sukari ilianza kunitia ganzi vidoleni, ikapanda magotini, na watu husema ni maradhi. Ila ya moyoni ilitangulia zamani, kabla sijajua hata mashine ya kupimia sukari inashikwaje. Niwieni radhi kwa sauti hii kavu. Ndiyo niliyobaki nayo.

Mnajua nilikuwa nikipiga sakafu dawa ya kung'arisha katika majengo ya mahakama za serikali kuu, lakini sikupata kukuelezeni kazi yenyewe. Miaka kumi na moja, Ijumaa nikishasali, mimi na Severin, yule bwana wa Bukoba, tulipakia mashine na madumu ya nta kwenye gari la kampuni tukaenda, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili majaji wako majumbani na korido ni zetu. Tulianza na Dallas, ghorofa kumi na sita za mwaka sabini na moja, jengo lisilo na uso, kila ghorofa ndugu wa mwenzake. Tukapewa Fort Worth, la mwaka thelathini na tatu, la mawe ya chokaa, mlango wake wenyewe unakufanya uvue kofia. Houston wana la sitini na mbili, kubwa kama ghala, na wanalo la zamani zaidi, la mwaka wa kumi na moja, ambalo lilipojengwa posta na mahakama zilikaa nyumba moja. Maana zamani, wanangu, katika jimbo hili ndivyo ilivyokuwa: chini unanunua stempu, juu unahukumiwa. Galveston nimelishika kwa mikono yangu jengo lililomalizwa mwaka wa 1861, vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza rangi haijakauka vizuri. Lile tufani la mwaka 1900 likaua maelfu ya watu mjini, nalo likabaki limesimama. Na Texarkana, huko juu mpakani, kuna jengo wamelijenga juu ya mstari wenyewe, nusu yake Texas na nusu yake Arkansas, jaji anatembea hatua mbili yuko jimbo jingine.

Severin akinicheka kwa kuwa kila jengo nilikuwa nalitafutia jiwe la msingi. Nikifika tu, kabla ya kushusha mashine, nalizunguka nje mpaka nilione, nikanukuu mwaka na majina kwenye daftari. Majengo haya hubadilishwa majina. Leo linaitwa posta, kesho mahakama, keshokutwa wanalipa jina la mheshimiwa fulani, wanatia herufi mpya za shaba juu ya mlango. Jiwe la msingi hawaligusi. Daftari hilo, lenye jalada la kijani, ni la Tasnim, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kuniuliza limeandikwa nini.

Sasa nakuja penyewe, na mtu asiinuke.

Kabla ya Amerika nilikuwa karani katika mahakama ya kadhi. Kazi yangu ilikuwa kuandika ndoa: fulani bin fulani amemwoa fulani binti fulani. Kadhi wangu alikuwa mkali wa jambo moja tu, jina la baba. Ukikosea mahari utafuta, ukikosea tarehe utafuta, lakini ukimpachika mtoto baba asiye wake, akisema, umemwibia maiti. Nilikuwa na ndugu yangu mmoja, wa kunifuatia, jina lake Mbarouk. Alikuwa fundi wa mapaa, mcheshi, hajui kunyamaza, akiimba juu ya bati mpaka majirani wanamtukana. Mkewe alikufa kwa uzazi. Miaka miwili baadaye Mbarouk akaanguka kutoka kwenye paa la skuli, asifike jioni. Akaacha mtoto wa kike, anajua maneno matatu tu. Mama yenu akamchukua siku ileile ya maziko, akamlaza baina yetu. Mtoto huyo ni wewe, Nawal.

Usiniambie kitu. Kaa. Mashavu, mke wangu, mshike mkono.

Kwetu hilo halikuwa jambo. Mtoto wa ndugu yangu ananiita baba, namwita mwanangu, hakuna mtu Kikwajuni angeuliza zaidi. Mwaka tisini na nne ikatoka ile bahati nasibu ya viza, nikajaza fomu. Penye watoto nikaandika watatu, Abdulbasit, Nawal, Tasnim, na naapa kwa Mungu ninayekwenda kukutana naye, kalamu haikusita. Ningeandika nini? Ningeandika wawili nikuache na nani? Jina likatoka. Ubalozini wakataka vyeti vya kuzaliwa, na hapo ndipo nilipofahamu kuwa watu hawa wanapouliza mtoto wanauliza aliyetoka kiunoni mwako. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mimi, karani wa kadhi, niliyeandika majina ya baba za watu miaka yote ile, nilikwenda nikatoa cheti kipya kilichosema Nawal binti Shamte. Fomu ilikuwa kosa la mtu asiyejua. Cheti kilikuwa uongo.

Abdulbasit, wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulimkumbuka ami yako, ulikumbuka na siku aliyoletwa mtoto. Nikakukalisha kitako nikakwambia usifungue mdomo maisha yako. Hujaufungua. Nakuona ulivyo mzito wa maneno, hata kazini wanakulalamikia, na najua nani aliyekutengeneza hivyo. Hilo la kwako naliomba msamaha peke yake, mbele ya wenzako.

Mwaka wa elfu mbili na moja nikala kiapo cha uraia, katika jengo lile la Fort Worth. Jumapili nilikuwa nimeipiga dawa sakafu ya ukumbi uleule, kwa magoti, kwenye pembe ambazo mashine haifiki. Ijumaa nikasimama juu yake na suti ya kuazima, nikainua mkono wa kulia. Jaji alikuwa mzee mpole, akatuambia karibuni nyumbani. Watu walikuwa wakilia, kuna mama mmoja wa Eritrea alinikumbatia wala hanijui. Mimi nilikuwa naangalia sakafu, nikaona mahali Severin aliporuka, pana vumbi chini ya benchi. Sikuhisi kitu. Nilidhani baadaye kitakuja, nikiwa garini, nikiwa nyumbani, mlipokata keki. Hakikuja. Uraia wako, Nawal, umetokana na wangu, ulikuwa na miaka kumi na minne. Kila kilicho chako katika nchi hii, pasi, shule, kazi yako ya Plano, kinasimama juu ya cheti kile. Ndiyo sababu niliogopa kusema. Si kwamba sikukupenda kiasi cha kukwambia. Nilikupenda, nikaogopa, na katika kuogopa nikaacha kuhisi vyote viwili.

Mtu mmoja nilimwambia. Tulikuwa Texarkana, tumekaa kwenye ngazi tunakula mkate na samaki wa kopo, nikamwambia Severin. Akasema, "Mzee Shamte, huyo mtoto utamwambia wewe, au ataambiwa na mtu mbaya." Nikamwona amenivunjia heshima. Nikamwambia hayo ni mambo ya nyumba yangu na ya dini yangu, yeye yanamhusu nini, tukarudi mpaka Dallas hatujasemezana, na mwezi ule nikaomba kubadilishiwa mwenzangu. Miaka sita sijamwamkia. Mlidhani tuligombania zamu. Abdulbasit, kesho nenda Fort Worth, kazi yake iko palepale, mwambie Shamte anasema ulisema kweli. Mpe na mashine yangu ya sakafu, ile iliyoko gereji. Yake ilikuwa mbovu siku zote na hajui kuitunza.

Nipe maji, Tasnim. Kidogo. Basi.

Mali yangu mnaijua. Nyumba hii, gari, na kiwanja cha Kikwajuni. Mama yenu ana thumni yake, Abdulbasit ana fungu la mwanamume, Tasnim la mwanamke, ndivyo ilivyoandikwa na wala si juu yangu. Nawal hana fungu. Lakini sheria haimruhusu mtu kumuusia mrithi wake, na asiyerithi anaweza kuusiwa hadi theluthi. Kwa hiyo namuusia Nawal binti Mbarouk theluthi kamili ya nilichonacho, kabla hamjagawana, na imo ndani yake sehemu yangu ya kiwanja, kwa kuwa ndipo alipozaliwa babake. Mnaona jinsi ilivyo? Ningekufa na uongo wangu, mngemgawia fungu la binti lisilo lake, na mngeila haramu nyinyi nyote bila kujua.

Kuna bahasha ya kaki chini ya nguo zangu za Idi. Ndani yake nimeandika yote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikatia sahihi mbele ya wakili wa viapo: kwamba mimi ndiye niliyetoa cheti, kwamba Nawal alikuwa mtoto wala hakujua. Ni yake Nawal peke yake. Akitaka aipeleke kwa mwanasheria wa mambo ya uhamiaji, akitaka aifungie sandukuni mpaka siku atakayoulizwa. Asishurutishwe na mtu, si mumewe, si nyinyi. Muzammil, mchumba wake, nimekwishamwambia, jana alipokuja kuniona. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tu, "Baba, nikahi itasomwa kwa jina gani?" Mtu wa kuuliza hivyo, mwanangu, olewa naye.

Basi sikilizeni habari ya Jumamosi. Nikiwa hai, mimi ndiye walii wa kumwoza, kwa kuwa ni ami yake. Nikiwa sipo, Nawal hana ndugu wa kiume, na walii ni mtoto wa ami yake, ndiye wewe, Abdulbasit. Utampa Sheikh mkono, utasema nakuoza binti ya ami yangu, Nawal binti Mbarouk bin Haji. Useme kwa sauti, wasikie mpaka wa nyuma. Msiiakhirishe harusi kwa ajili yangu. Nikifa Jumatano nizikeni Jumatano, kwenye makaburi ya Waislamu, msinipeleke Unguja, ni mbali na mimi nimechoka na safari. Mama yenu atakuwa eda, hatoki, kwa hiyo ukumbi wa Plano muwache. Nikahi isomeni hapahapa sebuleni, naye akae chumba hiki mlango wazi, asikie mwanawe anavyoozwa. Chakula kipikwe kidogo. Asiimbwe mtu... la, imbeni. Mbarouk angependa waimbe.

Nimekuridhieni. Mashavu, wewe nimekuridhia tangu siku uliyomlaza baina yetu. Abdulbasit, Tasnim, radhi zangu mnazo, na Mungu akuwekeni pamoja, mtazamane kwa wema, mtembeleane. Nilipokosa nisameheni. Niinueni kidogo. Hapo. Hapo panatosha.

Nawal. Sogea. Sema jina lako, nilisikie.

Sio hilo. Hilo ni langu. Nashukuru, lakini hilo ni langu, nalichukua niende nalo. Sema lako.

Usilie kwanza. Sema.

Tena, mama. Na la babu.

...Ee. Ndivyo. Limeniuma, alhamdulillahi, limeniuma mpaka hapa kifuani. Alipokufa babako ulikuwa unajua maneno matatu, hujaweza kulitamka. Hakupata kukusikia ukimtaja. Nimekusikia mimi kwa niaba yake.

Nilazeni sasa.