Gego la Eddie Muriithi

Eddie Muriithi, kitinda mimba wa Mzee Gichuru na Mama Wanjiku, ambao wote wametangulia, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1983 huko Gatuanyaga, na anayewasomea maisha yake ni dada yake mkubwa, Ngendo, ambaye jamaa walimwandikia maneno matamu ya "aliugua kwa muda mfupi", naye akayakataa, kwa hivyo asiyetaka kusikia ukweli chini ya hema hili anaweza kwenda kusaidia kumenya viazi.

Alisomea shule ya msingi Gatuanyaga, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1997, akamaliza sekondari mjini Thika mwaka wa 2001, na walimu walimsifu kwa ujasiri, sifa ambayo hakuistahili hata kidogo, kwa maana siku wauguzi walipoleta chanjo shuleni Eddie aliruka dirisha, akajificha kwenye mahindi hadi jioni, na mama yetu, aliyemdekeza kupita kiasi, akampikia uji kama mgonjwa.

Mwaka wa 2003 aliajiriwa katika timbo la mawe, akawa fundi wa baruti, mtu wa kulipua jabali huku wenzake wamekwisha kukimbia, na mwaka wa 2012 akafungua yadi yake ya mawe ya kujengea hapa Gitothua, ambako wateja walimwita Simba, jina alilojipa mwenyewe. Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa kanisani na Dianah, mke mvumilivu kuliko alivyostahili, nao wakajaliwa watoto wawili, Gichuru, aliye na miaka miwili, na dada yake, Ciku, kifupi cha Wanjiku, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2019, akapewa jina la mama yetu kama desturi inavyotaka, na ndiyo sababu Eddie hakumwita mtoto huyo kwa jina lingine ila "maitu", yaani mama.

Ciku na watoto wenzake wa ploti wana wazimu ambao sisi, tuliong'olewa meno kwa uzi uliofungwa kwenye mlango, hatutauelewa kamwe, kwa maana kwao pengo ni cheo, asiye na jino linalotikisika hana la kusema mbele ya wenzake, na kwenda kwa daktari wa meno pale Ruiru mjini ni sherehe ya kuvaliwa nguo ya kanisa, kwa sababu kuna kiti kinachopanda na kushuka na stika ya jino linalocheka. Jino lake la kwanza lilipotoka Februari mwaka huu, alikataa katakata kulirusha juu ya mabati, akasema lazima daktari alione kwanza, na daktari alipomwambia arudi baada ya miezi sita, akalia njia nzima kwa kuona ni mbali. Ngendo alisema huo ni upuzi mtupu, na bado anasema, lakini mtoto huyo wa miaka sita alikuwa na akili kuliko wanaume wote wa ukoo huu.

Mwezi wa Agosti gego la Eddie la chini, upande wa kulia, lilianza kuuma, naye akalitibu kwa karafuu, kwa tumbaku, kwa maji ya chumvi, kwa vidonge vya dukani na kwa kumgombeza mkewe, na Ciku akawa anamvuta mkono kila asubuhi, akimwambia, "Daddy, twende tu, haiumi, nitakushika mkono, na ukimaliza utapewa stika," naye Simba akijibu, "Wiki ijayo, maitu, niko na wateja." Jioni moja ya Septemba alirudi nyumbani na stika kifuani, akasema ameenda na daktari amemsifu, na Ciku akazunguka ploti nzima akimtangaza baba yake kwa furaha, kumbe stika yenyewe Eddie aliibandua kwenye kabati la mtoto huyo huyo.

Jumapili tarehe 12 Oktoba uvimbe ulishuka shingoni, akashindwa kumeza hata mate, akapelekwa hospitalini Thika, ambako madaktari walipambana kumwokoa, lakini usaha wa jino lile ulikuwa umekwisha kuziba njia ya hewa, na Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025 akafariki.

Nanyi mliokuja kwenye maombi ya jioni, mkala chapati za watu, mkajaza sebule kwa maneno ya "daktari wa meno ndiye alimmaliza", na hakuna hata mmoja wenu aliyetazama ni nani ameketi mkekani akisikiliza. Tangu siku hiyo Ciku hajafungua kinywa mama yake akiangalie, jino lake la mbele linaning'inia, hali ila uji, na juzi alimwambia Ngendo, anayemwita tata, yaani shangazi, "Tata, ni mimi nilimwambia aende."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Thika, majirani wa Gitothua, wafanyakazi wa yadi, na daktari wa meno wa Ruiru, anayeketi pale nyuma huku mkimkodolea macho, ambaye hakupata kumwona Eddie hata siku moja.

Ciku, simama tata akuone. Baba yako hakwenda. Ulimwambia neno jema, akaogopa, akakudanganya, na kilichomuua ni kutokwenda. Wewe hukumuua.

Pumzika kwa amani, Eddie, na huyu mtoto umwachie amani yake.