Fundi Mawingu na Mji Uliobaki Juu ya Vichwa

Marehemu kaka yetu, aliyejulikana mjini kwa jina la Fundi Mawingu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1947, kifungua mimba wa mshona viatu, katika vyumba viwili nyuma ya stesheni ya zamani. Leo hapo ni maegesho ya magari.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1961. Kichwa kilikuwepo, karo haikuwepo. Akaenda kufagia studio ya picha, akafagia mpaka akakabidhiwa kamera.

Mwaka 1966 alisimama kwenye kona ya soko kuu kama mpiga picha wa kujitegemea, na Jumapili akizunguka mitaani na kamera. Picha ya mteja wake wa kwanza ilitoka kofia imekatwa juu, na mteja akagoma kuichukua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tangu hapo kaka aliacha nafasi kubwa juu ya kila kichwa, mawingu yakaingia, na jina likamganda.

"Fundi, nimekuja kupigwa picha mimi au paa la benki?"

"Paa nimekupa bure, shangazi. Unalipia kichwa tu."

Tarehe 14 Agosti 1971 alimwoa mshona nguo aliyekuja kulalamika kwamba uso wake umetoka mdogo kama punje ya mtama. Walibishana hadi soko likafungwa. Kesho yake binti alirudi, safari hii bila malalamiko. Walijaliwa watoto watatu.

Shemeji alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni. Mama yake, muuza mkaa, alifariki mwaka 1968 bila kuacha picha hata moja, na mtaa wao ukavunjwa baadaye. "Sauti yake ninayo," alikuwa akisema. "Uso umenitoka."

Januari 2022 mapafu ya kaka yalianza kumsumbua. Daktari alimkataza kabisa dawa za kuoshea picha.

"Picha moja tu, daktari."

"Hata moja, mzee."

"Basi nusu."

Alipokatazwa kazi, aliteremsha maboksi ya filamu kutoka juu ya kabati, akawa anazitazama dirishani kwa lenzi. Wiki ya kwanza alicheka. Ya pili akaacha kutazama nyuso. Nyuma ya wateja ulisimama mji mzima: saa ya stesheni, sinema, miti mikubwa mahali ilipo leo barabara ya njia sita.

"Jamani! Kumbe nilikuwa napiga mji, na watu wananilipia tu!"

Ndipo akaanza kuutafuta mtaa wa mkewe. Mwezi Mei, nyuma ya kijana aliyeegemea baiskeli mpya, aliona magunia ya mkaa na mwanamke kando yake. Binti yake mkubwa aliingia chumba cha giza kuiosha picha, baba akimwelekeza kutoka nje ya mlango, akikohoa.

Picha ilitoka ingali mbichi. Shemeji aliishika kwa mikono miwili.

"Ndiye," alisema. "Mama ni mdogo kuliko mimi. Tazameni anavyocheka."

Kaka alivua kofia. "Miaka yote hii mkwe wangu yuko juu ya kabati, na mimi hata shikamoo sijampa!"

Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2022, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na wadogo zake wawili. Shikamoo aliyoichelewesha akaitoe mwenyewe. Kisha apumzike kwa amani.