Gladwell Ciakuthii na Mchoro wa Kiti Kinachokua

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya viti vya magurudumu hapa Makutano, Bi. Gladwell Ciakuthii anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Sisi humwita Mama Muthomi, na karibu sote tulimkuta hapa.

Aliajiriwa kupaka rangi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amejifunza kuchomelea vyuma kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, alichoka kupaka rangi viungo vilivyochomelewa vibaya. Wachomeleaji wa siku hizo hawakufurahi. Baadaye akawa mchoraji wetu. Alipiga magoti akachora kila kiti sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake kamili, na ole wake aliyekanyaga mchoro kwa buti.

Mwaka 2018 tuliletewa kompyuta yenye programu ya kuchorea, pamoja na mwalimu kijana kutoka Embu, Bw. Mwongera. Tulidhani Mama Muthomi, akiwa na miaka hamsini na mitatu, angewaachia vijana mambo hayo. Siku ya kwanza ya mafunzo alikaa mbele kabisa.

Programu ilimtesa. Alichora mstatili mzuri, akavuta kona moja kwa kipanya, na umbo lote likalala upande kama uzio mbovu.

"Mwalimu, mbona mchoro wangu unatoroka?" aliuliza.

"Hujauambia ukae vipi, Mama," Mwongera akamjibu.

Akamweleza kwamba humo ndani mstari haujui lolote mpaka uambiwe: huu ulale, huu usimame wima, hii miwili iwe sambamba, vipimo hufuata baadaye. Mistari ambayo haijafungwa kwa masharti hubaki ya buluu, na ikifungwa yote huwa myeusi. Kwa wiki kadhaa Mama Muthomi alikula chakula cha mchana mbele ya kompyuta akiwinda buluu. Mara nyingine alizidisha masharti, programu ikamkatalia kwa rangi nyekundu, naye akabishana nayo kwa Kimeru, tena kwa sauti.

Alikuwa na sababu. Kawira, binti wa wakulima wa Mikinduri, alikuwa amekua kupita kiti chake. Kilimbana nyonga mpaka akatoka kidonda, akakosa shule muhula mzima. Wakati huo kila mtoto alipokua tulianza mchoro upya, na foleni ilikuwa ndefu. Mama Muthomi alitaka mchoro mmoja ambao ukibadilisha upana wa nyonga tu, sehemu nyingine zote zinafuata.

Siku moja alituita tuutazame. Alibadilisha kipimo, kiti kikapanuka vizuri, lakini kibao cha miguu kikaruka na kuingia ndani ya gurudumu. Tulicheka. Yeye hakucheka. Aliufuta mchoro wote huku Mwongera akimsihi asifanye hivyo, akaanza tena kwa mstari mmoja wa katikati, na kila cha kushoto akakifunga kilingane na cha kulia. Safari hii upana ulipobadilika, kiti kizima kilifuata. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi.

Kiti cha Kawira kilikuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa. Alijisukuma hadi langoni na kurudi, akamtazama Mama Muthomi.

"Na nikikua tena?"

"Wewe kua," alimwambia. "Mimi niko tayari."

Na amekua. Leo Kawira yuko kidato cha tatu, na viti vyake viwili vilivyofuata vilitoka kwenye mchoro uleule, sawa na viti vya watoto wengine wengi kuanzia Nkubu hadi Embu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelazimika kukaa nyumbani muhula mzima akingoja sisi tuchore.

Mama Muthomi, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako na kwa kutofurahia kazi ya nusunusu. Mzee Kobia, mumeo, ametuambia amechoka kupalilia ndizi peke yake, kwa hivyo tunakurudisha kwake kwa shingo upande. Mungu akujalie afya, miaka mingi na sahani ya mukimo wa moto kila jioni. Lakini simu kutoka karakana ikilia, tafadhali ipokee.