Felisita Nyanda, Aliyewafanya Watu Waisahau Kamera

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za kutwa, popote mlipo, Bariadi mjini, Itilima, Meatu, mpaka kule Busega. Jioni hii tunamkumbuka mama ambaye sura yake wengi wenu hamkuwahi kuiona. Anaitwa Felisita Nyanda. Amefariki Jumanne, nyumbani kwa dada yake, hapa hapa Bariadi.

Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni ya kamera. Ndiyo, pembeni. Televisheni moja ya mtandaoni ilikuwa ikimtuma vijijini kuwatuliza watu wanaoogopa kuhojiwa. Na watu wanaogopa, wasikilizaji. Mtu anaongea vizuri kabisa kisimani, ukimwekea kamera mbele anasahau hata jina la baba yake.

Felisita alikuwa na njia zake. Taa nyekundu ya kamera aliiziba kwa plasta. Mpiga picha, Jeremia, alimsimamisha mbali, huko nyuma. Yeye alisalimia kwa Kisukuma, akaulizia ng'ombe, akaulizia mvua, kisha akaomba kazi ya mikono. Kama kuna mahindi ya kupukuchua, anapukuchua. Kule Bukundi mzee mmoja mkulima wa pamba alitetemeka mpaka fimbo yake ikawa inagongagonga chini. Haikupita muda, mzee akawa anaigiza wanunuzi wa pamba wanavyotembea, na watu wanacheka.

Dada yake, Monika, ametuambia hivi: "Tangu utoto watu walikuwa wanamwambia siri zao. Mwenyewe hakujua kwa nini."

Mwaka juzi alitumwa Zagayu, kwa mjane anayeitwa Milembe. Mume wa Milembe alikuwa amefariki, na mashemeji walikuwa wanalitaka shamba. Kesi ilikuwa kwenye baraza la kata. Televisheni ilitaka Milembe asimulie.

Milembe alishindwa hata kutaja jina lake. Felisita akakaa naye mkekani, akachukua kisu, wakawa wanakata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe. Taratibu mikono ya Milembe ikatulia. Akaeleza jinsi mashemeji walivyoondoka na maksai. Akamkumbuka mumewe, akacheka kidogo. Halafu, macho yakiwa kwenye viazi, akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Mumewe hakuwa na uwezo wa kuzaa. Walikubaliana wao wawili. Watoto wao wana baba mwingine, na marehemu aliwapenda hivyo hivyo mpaka anakata roho.

Felisita alishtuka. Akampungia mkono Jeremia azime. Jeremia alikuwa mbali, kule alikosimamishwa. Hakuuona ule mkono.

Waliporudi ofisini, Felisita aliomba kipande kile kikatwe. Mhariri akakubali. Kweli kilikatwa. Ijumaa yake kikawekwa mtandaoni peke yake, ili kivute watazamaji.

Alipiga kelele ofisini hadi kikaondolewa. Lakini kilikuwa kimeshaingia kwenye simu za watu. Mashemeji walikipeleka barazani. Ukoo ukasema watoto si wao. Milembe akatoka kwenye shamba na nyumba. Mwanawe mkubwa, Zengo, akaondoka bila kumuaga, na mpaka leo hapokei simu ya mama yake.

Felisita alimfuata Milembe mpaka Lamadi. Alimkuta akianika dagaa za watu kwa kibarua. Akapiga magoti, akaomba msamaha. Milembe hakuacha kazi. Alisema, "Mimi sikuongea na kamera, dada. Niliongea na wewe." Kisha akamwomba asogee, maana alikuwa anazizibia dagaa jua.

Siku ile Felisita aliacha kazi. Na hakuacha kazi tu, wasikilizaji. Monika anasema mtu yeyote akianza kumweleza shida yake, hata jirani, hata mtoto wa nyumbani, Felisita alikuwa anainuka. Alikuwa anasema, "Usiniambie." Watu wakazoea. Wakaacha kuja. Presha ikaanza, ikapanda, na Jumanne hii ikamchukua. Felisita Nyanda amefariki akiwa na Monika peke yake chumbani, na hata Monika alikuwa ameshajifunza kukaa kimya.

Tulimzika Alhamisi. Milembe alipelekewa taarifa. Hakuja, na hakutuma neno.

Jeremia alikuwepo. Anasema alipita karibu na turubai, akakuta vijana wameinamia simu, wanatazama. Kilikuwa kipande kile kile. Kwa mbali, nyuma ya sauti ya Milembe, alisikia sauti ya mwanamke mwingine, ya upole, ikimwita mama kwa Kisukuma, "Endelea tu, mayu, niko hapa." Vijana hawakujua kuwa mwenye sauti hiyo ndiye aliyelala ndani ya jeneza. Jeremia hakuwaambia.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Monika, na ukoo wote wa Nyanda. Pole pia zimfikie Milembe huko Lamadi, kama ana redio, na kama bado anataka kusikia kitu kutoka kwetu. Nanyi mnaotusikiliza, tafakarini. Mtu akikufungulia moyo wake, ni nani mwingine anayesikia? Kipande hicho kikifika kwenye simu yako, kifute. Kesho kitafika kwa mwingine. Kifute hata hivyo.