Kiberiti Namba Kumi na Moja na Mke Ambaye Hakuwepo

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mashabiki mliojaza viti vya mbele kabla hata watoto wa marehemu hawajapata pa kukaa, poleni sana, na tulieni, kwa sababu karatasi hii ni ndefu, imepita mikononi mwa watu watatu wa familia wenye digrii zao na wote wakalia kwenye mstari wa pili, ikabidi ikabidhiwe kwa mjukuu aliyeachana na shule kidato cha pili, ambaye hahitaji kipaza sauti na wala hatalia, mtaona wenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa mkata miche ya sabuni na mama yake akifua nguo za watu kwa sabuni hiyohiyo, na wale wanaonong'ona huko nyuma kwamba kadi yake ya klabu inasema 1953, familia inawajibu kwamba siku ile anazaliwa mama yake alikuwepo na katibu wa klabu hakuwepo.

Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwezi Januari 1957, akakaa dawati la mwisho karibu na mlango, akamaliza Novemba 1963 akiwa amefaulu kuimba na kukimbia, na mwalimu wake wa hesabu alimwambia mbele ya darasa zima, "Wewe mtoto, miguu yako imesoma kuliko kichwa," maneno ambayo marehemu aliyachukua kama cheti na kuyatembeza maisha yake yote.

Tarehe 3 Machi 1966 aliajiriwa kiwandani kufunga sabuni kwenye makasha, akaichezea timu ya kiwanda, na tarehe 12 Julai 1969 klabu kubwa ya mji ikamchukua na kumpa jezi namba kumi na moja, winga wa kushoto, mfupi, mwembamba, mtu wa kukaa kimya kabisa kwenye kona yake mpaka umsugue, ndipo anawaka, na kwa sababu hiyo akaitwa Kiberiti, jina ambalo lilimeza jina lake la kuzaliwa mpaka wadogo zake wenyewe wakalisahau, akacheza miaka kumi na miwili, mpaka tarehe 4 Aprili 1981 goti lake la kulia lilipogeuka likatazama upande ambao goti halitazami.

Katika miaka hiyo alifunga magoli mengi, lakini nyinyi mmekuja kwa ajili ya moja, lile la Jumamosi tarehe 22 Novemba 1975, fainali, dakika ya themanini na saba, alipochukua mpira katikati ya uwanja na kupita mabeki watatu, ambao mwaka 1985 walikuwa wamefika watano, mwaka 2000 wakawa saba, na kwa jinsi Kinyozi, shabiki wenu mkuu, alivyosimulia hapa jana, marehemu alishawapita na wachezaji wa akiba, washika vibendera na muuza karanga.

Baada ya goti, tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa kuwa mtunza stoo wa idara ya maji, akakaa na mabomba, koki na mipira ya kuzuia maji yasivuje mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2009, bila kuchelewa hata siku moja, jambo ambalo hakuna shabiki hata mmoja anayelijua, na ndipo tunapofika kwa bibi yetu.

Bibi alikuwa fundi cherehani mwenye chumba chake cha kazi mtaa wa pili kutoka uwanjani, na mwezi Machi 1983 aliingia mwanamume anayechechemea, amebeba suruali ya kupunguza, akasimama kifua mbele akisubiri kushangiliwa, na fundi, bila kuinua macho kwenye kitambaa, akamuuliza, "Nikuandike nani?", swali ambalo Kiberiti hakuwa ameulizwa kwa miaka kumi na nne, akarudi kesho yake na suruali nyingine, na wiki iliyofuata na nyingine, mpaka zilipokwisha akaanza kuleta za kaka yake, ambaye ni mrefu na alizihitaji vilevile zilivyo, na tarehe 17 Disemba 1983 wakafunga ndoa.

Marehemu alimpenda kwa sababu fundi hakumjua, na hilo hilo ndilo lililokuja kumchoma bibi, kwani kila Jumapili saa kumi jioni mashabiki walijaa sebuleni kwake, kila mmoja na kiti chake, Kinyozi kile cha mkono mmoja karibu na dirisha, na walikuwa na sheria moja ambayo hawakuivunja hata siku moja, kwamba goli linasimuliwa na aliyekuwepo uwanjani peke yake, na asiyekuwepo afunge mdomo hata kama nyumba ni yake.

Bibi alijaribu mara moja, mwaka 1986, akiwa ameshika birika, akasema kumbe beki wa pili alianguka mwenyewe, jambo alilolisikia kwa mumewe kitandani, na Kinyozi akamgeukia taratibu kama anayemhurumia mgonjwa, akasema, "Shemeji, wewe hukuwepo," wengine wakacheka, marehemu naye akacheka, na bibi akarudi jikoni akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Tusidanganyane mbele ya jeneza, bibi yetu ana wivu, tena si wivu wa mwanamke mwenzake, maana hao aliwamaliza mapema kwa mkasi na maneno, ni wivu wa miaka, aliuonea wivu mwaka 1975 kama mtu anavyomwonea mke mkubwa, kwa sababu yeye alipata goti na nyinyi mkapata miguu, yeye alipata mtunza stoo anayekoroma na nyinyi mkapata Kiberiti, akawa anamkanda kwa maji ya moto Jumamosi ili Jumapili aweze kusimama na kuwaonyesha nyinyi alivyogeuka.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, alizaliwa tarehe 2 Novemba 1984, ni muuguzi, wa pili wa kiume, tarehe 19 Agosti 1987, ni dereva wa lori, na wa tatu binti, tarehe 5 Mei 1991, ni mwalimu, na wote watatu hawajui kupiga mpira, jambo lililowasikitisha mashabiki kuliko wazazi, na wajukuu sita, mmoja wao akiwa na mguu wa kushoto ambao, kama si kupenda kuchomelea mageti, mngekuwa mnautazama kwenye televisheni.

Ugonjwa ulianza kuonekana Jumatatu tarehe 6 Mei 2019, alipotumwa uzi mweupe dukani akakutwa kwenye geti la uwanja, amekaa juu ya jiwe akisubiri basi la timu, na daktari aliyempima akatueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, unaanza kula yaliyo mapya na kurudi nyuma kidogokidogo, na ukawa hivyo kweli, ukala wajukuu, ukala watoto mmoja baada ya mwingine kuanzia wa mwisho, ukala stoo na koki zake zote, na mwezi Oktoba 2022 ukafika 1983, asubuhi moja akapokea kikombe mikononi mwa mke wake akasema kwa adabu kubwa, "Asante sana, dada."

Hapo ukasimama, maana mpaka anaondoka haukuigusa 1975, na nyinyi Jumapili mlikuwa mnatoka sebuleni mnapeana mikono, mnasema, "Mzee yuko fiti, kichwa kinafanya kazi kuliko changu!", kwa sababu kwenu alikuwa mzima kabisa, na bibi yetu anakusanya vikombe vya watu wanaojulikana na mume wake kuliko yeye.

Alichofanya alikificha kwa watoto wake, kila Jumanne aliaga anakwenda kununua vifungo, akaenda kukaa kwenye kiti cha kunyolea cha Kinyozi na daftari lake la vipimo, mama wa miaka sitini na tisa, akaandika kikosi cha 1975 pale anapoandikaga viuno na mabega, nani kipa, nani beki, nani alipiga pasi, jua lilikuwa upande gani, na Kinyozi akimfungia shuka shingoni kwa mzaha, "Shemeji, leo tunanyoa au tunakusajili?", naye anajibu, "Wewe taja majina, kichwa changu kiache."

Alisoma miezi miwili, na tarehe 14 Februari 2023, saa nne asubuhi, akavuta kigoda akakaa mbele ya mume wake, akajipanga, akasema kwamba siku ile ya fainali yeye alikuwepo, upande wa jua, safu ya tano, na alimwona anavyochukua ule mpira, akaendelea vizuri bila kukosea jina hata moja, Kinyozi angempa alama zote, na marehemu akamsikiliza mpaka mwisho, akamtazama sana, akatabasamu, akasema, "Dada, usinidanganye, hukuwepo, ungekuwepo ningekuona."

Sindano ya bibi ilikuwa bado imechomekwa begani mwa gauni, na marehemu akamuuliza jambo ambalo hakuna mtu kati yenu aliyemuuliza kwa miaka arobaini, "Sasa ulikuwa wapi?", ndipo akamwambia ukweli, kwamba alikuwa kwenye cherehani, mtaa wa pili, anashona sare za shule, barabara nzima tupu, muuza vioo ameviegemeza ukutani vioo vyake sita akakimbilia uwanjani, kila kioo kimebaki na kipande chake cha wingu, halafu ukaja mshindo mkubwa ambao hajausikia tena, cherehani ikamponyoka, na kola ya mtoto wa watu akaishona juu chini.

"Juu chini!" marehemu alicheka mpaka akashika goti, "Kwa sababu yangu?", bibi akamwambia ndiyo, kwa sababu yako, na mama mwenye mtoto alikuja akamtukana vizuri, na marehemu akasema, "Haya, nisimulie tena, anzia kwenye vioo."

Kila siku alisahau na kila siku akaomba upya, na Jumapili Kinyozi alipokohoa ili aanze kumpitisha beki wa kwanza, marehemu akamwinulia mkono, "Wewe subiri kwanza, hiyo naijua, nilikuwepo, hebu dada atuambie ya kola," na Kinyozi akanuna wiki tatu, nywele zetu zikakatwa kama majani ya ng'ombe, na aliporudi akajitia kwamba hata yeye anavikumbuka vile vioo, kwamba alipita pale akajitazama masharubu, na bibi, bila kuinua macho kwenye kitambaa, akasema, "Shemeji, hukuwepo."

Mwezi Januari mwaka huu marehemu alianza kuishiwa pumzi, alilazwa tarehe 8 akaruhusiwa tarehe 20, akarudi nyumbani ametulia, na jioni ya tarehe 9 Februari, siku mbili kabla hajaondoka, akamtazama bibi anavyopinda pindo, akamuuliza, "Dada, una mume wewe?", akasema ninaye, "Anafanya kazi gani?", akasema alikuwa stoo, ila zamani alicheza mpira, "Namba ngapi?", akasema kumi na moja, na uso wa marehemu ukabadilika, akageukia ukutani akasema, "Kumi na moja ni moja tu mji huu, huyo amekudanganya, na kama ni mwanaume mwambie aje," akanuna, akakataa uji, akalala hivyo hivyo na wivu wake, na wanafamilia waliokuwa wakimuuguza walipotaka kumwita bibi aje ambembeleze walimkuta jikoni ameegemea mlango, anacheka, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, kwa sababu miaka arobaini na moja alikuwa ameuonea wivu uwanja mzima, na leo Kiberiti mwenyewe, wa 1975, na miguu yake yote miwili, alikuwa anamwonea wivu mumewe.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne na robo asubuhi, chumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, mkono wake ukiwa mkononi mwa bibi, na familia haina la kuongeza hapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba mbili waliomvumilia alipokuwa anauliza mechi ni saa ngapi, majirani waliomrudisha kila alipokutwa getini uwanjani, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, wawili waliobaki, ambao wamekaa nyuma kabisa na tunaomba sasa hivi wapishwe waje mbele, na nyinyi mashabiki, kwa kuja kila Jumapili wakati wengine walikuwa wameshamsahau, bibi anasema asante, na anasema hivyo huku amekunja uso, mnamwona.

Mmeomba jeneza lizungushwe uwanjani mara moja kabla ya makaburini, na Kinyozi amekuja na ombi hilo mara nne tangu jana, na jibu la bibi ameagiza lisomwe kama alivyolisema, kwamba uwanjani alikaa miaka kumi na miwili na kwangu arobaini na moja, hesabu hiyo hata aliyekimbia shule anaiweza, kwa hiyo mtambeba nyinyi kutoka hapa mpaka mwisho wa barabara, taratibu, na mkitaka kuimba muimbe, halafu mtamshusha na kuwapa wajukuu, na kuanzia hapo atakwenda na watu wa nyumbani kwake, na bibi atatembea upande wa kushoto, karibu kabisa na ubao, na mtu asimwombe apishe.

Nilisema sitalia, basi huo ni mwanga wa jua unaniingia machoni, Kinyozi usinitazame.

Babu, Kiberiti wa watu, mume wa mtu mmoja, pumzika kwa amani.