Mgombea wa 707

Benchi lenyewe liko mbele ya duka la mashine za kufulia, mtaa wa Mount Dennis, Kanada, limeelekea mlango wa jengo la ghorofa kumi na nane, na ukitaka kulikalia kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana itabidi uombe radhi kwa watu watatu. Wa kwanza ni Mutuma, Mmeru wa Nkubu, aitwaye Chifu kwa sababu ya sauti yake, si kwa cheo chochote. Wa pili ni mzee Ghulamabbas wa Tanga, maarufu kama Balozi, ambaye zamani aliwahi kuwa balozi wa nyumba kumi mtaani kwao na hajaruhusu mtu yeyote asahau hilo. Wa tatu ni Mulamba kutoka Bukavu, aliyebandikwa jina la Papa Faili kwa kuwa kila jambo duniani, kwa maoni yake, lina faili mahali fulani. Wote watatu ni wapangaji wa jengo hilo. Kila mmoja hushika kahawa yake kwenye kikombe cha karatasi, na kwa wiki tatu sasa wana daftari.

Daftari lilikuwa wazo la Mutuma. Tangazo la kwenye lifti lilisema kwamba Jumamosi wapangaji watachagua mwakilishi mmoja wa kukaa na polisi jamii, naye akaona, kwa mara ya kwanza tangu ashuke uwanja wa ndege miaka kumi na moja iliyopita, nafasi ya kuwa mtu. Alikitaka kiti hicho mpaka kikamkosesha usingizi. Kosa lake ni kumpigia mama yake simu na kumwambia kwamba ameshachaguliwa. Mama alilitangaza kanisani, na sasa Nkubu nzima inamwombea mlinzi wa Kanada. Kwa hiyo Mutuma alihitaji ushindi, na ili ashinde alihitaji mhalifu.

Mhalifu alipatikana upesi. Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye koti la kahawia, aliyesimama kila asubuhi nyuma ya kioo cha mlango, karibu na visanduku vya barua, asichukue barua wala kwenda popote.

— Saa tatu na dakika kumi, alisema Mutuma huku akiandika. Koti amefika. Ameangalia kushoto.

— Andika na kulia, alisema Balozi. Sie Tanga tulikuwa tunaandika pande zote. Ripoti ya upande mmoja ofisini hawaipokei.

— Mzee, hapa si Tanga. Hii nyumba kumi ni ya kisasa. Ni ya Kenya.

— Ya Kenya? Bwana wee, nyie mmekuja kuiazima juzi. Mimi nilikuwa balozi nikiwa bado na nywele.

— Sawa, mliianzisha. Sisi ndio tukaifanya ifanye kazi.

— Inafanya kazi wapi?

Mutuma alipiga funda la kahawa. Kisha akawakumbusha kwamba mwezi huu vimepotea vifurushi vitatu pale chini, na kwamba mtu anayeshinda karibu na vifurushi bila sababu lazima aulizwe maswali, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwuliza Koti hata la salamu.

— Ile mutu si mwizi, alisema Papa Faili. Mwizi hasimami pahali pamoja wiki tatu. Ile ni mutu ya serikali. Iko nahesabu batu. Anaona nani anapata barua ya uhamiaji, nani hapati. Bon, kisha anafungua faili.

— Serikali ina kompyuta, alisema Balozi. Itatuma babu kuhesabu watu kwa macho? Huyo katumwa na mwenye jengo. Wanataka kulibomoa. Tazameni anavyougusa ukuta. Anaupima kama umechoka.

— Si uongo. Jana aliugusa mara mbili, alisema Mutuma. Niko nayo hapa.

— Basi ni mambo kubwa kuliko hapo, alisema Papa Faili na kushusha sauti. Wanachimba. Kuna handaki inapita chini ya hii duka. Koti anasikiliza handaki. Munafikiri mashine ya kufua, ile namba ine, inatetemeka kwa nini?

— Inatetemeka kwa sababu unaitia mablanketi manne kwa mpigo, alisema Balozi.

— Na vifurushi je? aliuliza Mutuma.

— Vinashuka kule chini, alisema Papa Faili.

Mutuma alijua ni upuuzi. Hata hivyo aliandika neno handaki na kulitilia alama ya kuuliza, kwa sababu Jumamosi alikuwa amepewa dakika tano za kujinadi, na mpaka hapo alikuwa na maneno ya dakika mbili tu.

Ndipo mwanamke mmoja akavuka kutoka mlangoni. Alikuwa na sare ya uuguzi chini ya jaketi zito, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu, na karatasi mkononi.

— Hamjambo wazee. Nimesikia Kiswahili, nikajua ni nyinyi. Naitwa Moraa. Nimetumwa na kamati ya jengo. Kati yenu, mgombea wa chumba 707 ni nani?

Mutuma aliweka kikombe chini na kunyoosha kola. Alidhani amekuja kumpongeza.

— Ni mimi. Karibu, dada.

— Asante. Sasa, kamati imeletewa malalamiko. Ati kuna wanaume watatu hukaa nje kila asubuhi, wanakodolea mlango macho na kuandika nani ameingia na nani ametoka. Watu wameanza kuogopa. Jumamosi, hilo ndilo jambo la kwanza kwenye ajenda, kabla ya uchaguzi.

Mutuma alilifunga daftari na kulikalia.

— Mlalamikaji ni nani? Mutuma aliuliza.

— Ni mzee Wayne, yule pale mwenye koti. Yeye hujitolea kulinda vifurushi tangu dawa za mke wake ziibwe. Anasema tangu mwanze kuandika haendi hata kunywa chai, anaogopa kuwaacha nyinyi peke yenu na mlango.

— Mimi nimekaa tu, alisema Balozi. Daftari si langu.

— Miye nilisema tangu mwanzo ile mutu ni muzuri, alisema Papa Faili.

Moraa hakucheka. Alikuwa amechoka mno, na pengine kutocheka huko kulikuwa huruma yake kwao.

— Si kesi kubwa, alisema. Kamati inataka mpangaji mmoja tu anayewajua, aseme hawa ni watu wazuri, niandike hapa. Yaishe, na jina la mgombea libaki. Nitajieni jirani mmoja.

— Huyu Papa Faili hapa... alianza Mutuma.

— Nyinyi watatu mko kwenye barua moja ya malalamiko. Mwingine.

Mutuma aliipita ghorofa ya saba kichwani, mlango baada ya mlango. Wa 703 hukaanga samaki Ijumaa. Kule 705 kuna mtoto anayejifunza fidla na hajajaliwa kipaji. Alijua nani huburuta viatu na nani hugombana na mumewe, lakini jina hakuwa na hata moja. Miaka kumi na moja alikuwa akichungulia tundu la mlango na kungoja watu wapite ndipo atoke, asije akasalimia kwa Kiingereza na kuombwa arudie. Aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni. Akamtazama Balozi. Balozi, aliyetawala nyumba kumi Tanga, alikuwa anatazama viatu vyake.

— Hakuna? Hata mmoja? aliuliza Moraa.

Papa Faili naye akainama kufunga kamba za kiatu.

— Ningejiandika mwenyewe, alisema Moraa polepole. Nakaa 709. Ukuta wako ndio ukuta wangu, huu mwaka wa sita. Lakini nitaandika nini? Kwamba unakohoa sana alfajiri?

Mutuma alisogea. Akamsukuma Balozi, Balozi akamsukuma Papa Faili, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

— Kaa kwanza, dada, alisema. Hicho kikohozi kina miezi miwili.